Mdudu Alalaye Ndani ya Bua

Katika nchi ya Wanatta, upande wa magharibi wa nyika ya Serengeti, mtama na mahindi yakiisha kuvunwa mabua hubaki yamesimama shambani. Ng'ombe huingizwa wale majani yaliyokauka. Mabua mengine hukatwa yakawa ua au kuni za jikoni. Yaliyobaki huachwa yapigwe na jua hata mvua zirudi. Twaa bua moja katika hayo, ulipasue kwa kisu tangu chini, karibu na mizizi. Mara nyingi utamkuta ndani yake kiwavi mmoja, urefu wake sentimita mbili au tatu, rangi yake imepauka kama maziwa yaliyoganda. Hali kitu. Hakui. Ukimgusa hujisogeza kidogo, kisha hutulia. Huyu ndiye bungua wa mabua, naye si mgonjwa wala si mzee. Amelala.

Aweza kulala hivyo miezi sita na zaidi. Mvua zikirudi huamka, hugeuka pupa, na baadaye hutoka katika pupa ile nondo wa rangi ya udongo arukaye usiku. Nondo wa kike hutaga mayai yake mahali jani linapolikumbatia bua la mmea mchanga. Watoto wake hula kwanza majani ya moyo, kisha hutoboa na kuingia ndani. Hapo jani la kati hukauka, na mmea ule hautazaa tena. Kwa hiyo bungua wa mwaka huu hutoka katika mabua ya mwaka jana, na mkulima huwa amewatunza mwenyewe shambani mwake wakati wote wa kiangazi pasipo kujua.

Sasa, ni kitu gani kimwambiacho kiwavi huyu alale, na kitu gani kimwambiacho aamke? Watu wengi hujibu upesi kwamba ni jua na mvua. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Maana kiwavi mwingine aliye katika jua lile lile na mvua ile ile halali kamwe. Lazima kuwe na kitu ndani ya mwili wake kinachozipokea habari za nje na kuzigeuza kuwa amri. Kitu hicho kimetafutwa kwa zaidi ya miaka 100 katika nchi nyingi, na sehemu moja ya jibu ilipatikana karibu nasi sana, huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Katika mazungumzo haya tutaifuata safari hiyo tangu mwanzo wake.

Mwanzo wake ni uzi. Katika mji wa Kraków, nchi ya Polandi, alikuwako mtaalamu jina lake Stefan Kopeć, ambaye habari za majaribio yake zilitolewa mwaka 1917 na tena mwaka 1922. Kopeć alitwaa viwavi wa nondo mmoja alaye majani ya miti, waliokuwa katika umri wao wa mwisho kabla ya kugeuka pupa. Akawafunga kiunoni kwa uzi, akaukaza sana, hata damu ya upande wa kichwa isiweze kupita kwenda upande wa nyuma. Kisha akangoja. Wale aliowafunga mapema, kabla ya siku ya saba, waligeuka kwa namna ya ajabu: sehemu ya mbele ikawa pupa, na sehemu ya nyuma ikabaki kiwavi vile vile. Wale aliowafunga wamekwisha chelewa, baada ya siku ya kumi, waligeuka pupa mwili mzima. Basi ilikuwa dhahiri kwamba kitu fulani kilitoka mbele kikaenda nyuma katika siku zile za katikati, na kwamba kilisafiri katika damu.

Yamkini msomaji atasema, huenda kilisafiri katika mishipa ya fahamu. Kopeć alilifikiri jambo hilo pia. Aliikata mishipa ya fahamu na kuiacha damu ipite; kiwavi akageuka pupa kama kawaida. Aliutoa ubongo mapema, kiwavi hakugeuka. Aliutoa ukiwa umechelewa, akageuka. Hivyo akasema kwamba ubongo wa mdudu hutoa kitu kinachoingia katika damu. Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba wadudu hawana kabisa vitu vya namna hiyo, ambavyo katika mwili wa mwanadamu vilikuwa vimekwisha pewa jina la homoni, yaani vichocheo vinavyotumwa na tezi moja ili kuamuru viungo vilivyo mbali. Maneno ya Kopeć hayakusikilizwa sana kwa muda. Yeye mwenyewe aliuawa na Wajerumani mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya pili.

Aliyelitwaa jambo hilo na kuliendeleza ni Mwingereza, V. B. Wigglesworth, aliyekuwa akifundisha London katika shule ya magonjwa ya nchi za joto. Yeye alifuga mdudu wa Amerika ya Kusini anyonyaye damu kama kunguni, ila ni mkubwa zaidi. Mdudu huyu ana tabia iliyomfaa sana mtafiti: kila mara hunywa damu mara moja tu, akashiba, na baada ya siku kadha hujivua ngozi yake ya nje na kukua. Wigglesworth alivikata vichwa vyao. (Asiyependa habari za kukata vichwa na avumilie kidogo, kwa maana pasipo hizo hapana hadithi.) Mdudu aliyekatwa kichwa siku chache tu baada ya kunywa damu hakujivua ngozi kamwe, lakini hakufa, bali aliendelea kuishi miezi mingi. Aliyekatwa baadaye alijivua. Ndipo Wigglesworth akawaunganisha wawili hao shingo kwa shingo, damu zao zichanganyike. Na yule aliyekuwa hawezi kujivua akajivua pamoja na mwenzake. Habari hizo zilitolewa mwaka 1934.

Wigglesworth aliona na jambo la pili. Nyuma ya ubongo wa mdudu ziko tezi ndogo sana, na kazi yake ni kumzuia mdudu asikomae kabla ya wakati. Zikitoa kichocheo chake, mdudu hujivua ngozi lakini hubaki mtoto. Zikinyamaza, akijivua huwa mtu mzima. Kichocheo hicho kikaitwa homoni ya utoto. Wanatta na jirani zao watalielewa jambo hili upesi, maana kwao tangu zamani kijana hakuingia rika la watu wazima kwa ukubwa wa mwili tu. Alingoja hata wakubwa wamwachie nafasi. Katika mwili wa mdudu, kujivua ngozi ni jambo moja, na kuruhusiwa kuwa mkubwa ni jambo lingine. Kila moja lina homoni yake.

Kuhusu homoni ile ya kujivua, Mjapani Fukuda alionyesha karibu na mwaka 1940 kwamba haitoki katika ubongo wenyewe. Hutoka katika tezi zilizo kifuani mwa kiwavi wa hariri. Ubongo hutoa amri kwanza, na tezi za kifuani huitii kwa kutoa homoni yake. Basi jambo ambalo Kopeć aliliona kama kitu kimoja lilikuwa mnyororo wa vitu viwili.

Hapa ndipo tunapoufikia usingizi. Katika chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, Carroll Williams alikuwa na pupa wa nondo mkubwa wa hariri ya mwituni, aitwaye Cecropia. Pupa huyo hulala wakati wote wa baridi kali. Ukimweka katika chumba chenye joto tangu mwanzo, haamki, hata miezi ipite. Lakini ukimweka kwanza mahali pa baridi kwa majuma mengi, kisha ukamrudisha katika joto, huamka na kuwa nondo. Williams alitaka kujua ni kiungo gani kinachoihesabu baridi hiyo. Mwaka 1946 alieleza alivyofanya: aliutoa ubongo wa pupa aliyekwisha kupata baridi, akaupandikiza katika pupa ambaye hakuipata, aliye usingizini kabisa. Yule aliyelala akaamka. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba ubongo peke yake haufai kitu katika kipande cha tumbo kilichokatwa. Lazima tezi za kifuani ziwekwe pamoja nao. Hivyo usingizi wa pupa ni ukosefu: ubongo umenyamaza, tezi za kifuani hazikupata amri, homoni ya kujivua haipo katika damu, na mwili wote hungoja.

Kujua kwamba kitu kipo ni jambo moja. Kukishika mkononi ni jambo lingine. Nchini Ujerumani, Adolf Butenandt na Peter Karlson walitwaa pupa wa hariri wenye uzito wa kilo 500, yaani kama magunia matano ya mahindi. Wakawasaga na kuwachuja tena na tena, na mwaka 1954 wakapata homoni safi ya kujivua, mfano wa chembe za chumvi. Uzito wake ulikuwa miligramu 25. Punje kumi hivi za ulezi zina uzito huo.

Homoni ya utoto nayo ilipatikana kwa bahati, kama yapatikanavyo mengi. Mwaka 1956 Williams alieleza kwamba matumbo ya nondo wa kiume wa Cecropia yana mafuta ya rangi ya dhahabu yaliyojaa homoni hiyo. Tone moja likipakwa juu ya ngozi ya mdudu humzuia asikomae. Wigglesworth alicheza na nguvu hiyo hata akayaandika juu ya mgongo wa mdudu wake herufi za kwanza za jina lake, kwa ngozi ya kitoto katikati ya ngozi ya mkubwa. Kisha, miaka michache baadaye, Karel Sláma wa Prague alikwenda Harvard na wadudu wake, nao wakakataa kukomaa. Walikua wakawa watoto wakubwa mno, wakafa. Kisa chake kilikuwa karatasi iliyowekwa ndani ya vyombo vyao. Karatasi za Marekani zilitengenezwa kwa mti mmoja wa kule ambao una kitu kinachofanana na homoni ya utoto. Karatasi za Ulaya hazikuwa na dhara. Kumbe mti ulikuwa umeijua siri ya wadudu kabla ya wataalamu. Umbo la homoni yenyewe lilitambuliwa mwaka 1967.

Wajapani, ambao hariri ilikuwa mali yao kubwa, waligundua mwaka 1951 jambo jingine tena: mama wa kiwavi wa hariri huwatilia watoto wake usingizi wakiwa bado mayai. Homoni hiyo hutoka katika fundo la mishipa ya fahamu lililo chini ya koo lake. Miaka 40 ikapita kabla ya kujulikana imeundwa namna gani.

Basi na turudi Afrika ya Mashariki. Mwaka 1931 alizaliwa mjini Mombasa mtoto aliyeitwa Thomas Odhiambo. Alisoma Maseno, kisha Makerere, akafanya kazi ya kilimo Uganda, na mwaka 1959 akaenda Cambridge, ambako Wigglesworth alikuwa amekwisha hamia. Odhiambo hakumchagua mdudu wa nchi za mbali. Alimchagua nzige wa jangwani, ambaye babu zetu walimjua kwa njaa aliyoiacha. Aliziondoa zile tezi ndogo za nyuma ya ubongo katika nzige dume wachanga. Nzige hao hawakupata rangi ya manjano ambayo dume aliyekomaa huwa nayo, hawakuwatafuta majike, walipunguza kutembea, na mafuta yakajaa miilini mwao. Tangu hapo ilionekana wazi kwamba ile ile homoni inayomweka kiwavi katika utoto ndiyo inayomwamsha nzige mzima kutaka kuzaa. Habari hizo alizitoa mwaka 1966, akiwa amekwisha rudi Nairobi kufundisha.

Mwaka 1967 Odhiambo aliandika katika jarida la Science la Marekani kwamba Afrika ya Mashariki inahitaji vituo vyake vya elimu ya juu kabisa. Mwaka 1970 kikaanzishwa Nairobi kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu, kiitwacho ICIPE, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza hata mwaka 1994. Alifariki mwaka 2003. Sisi twaona kwamba kazi yake kubwa kuliko zote ni kwamba swali lililoanza kwa uzi huko Kraków lilipata kuulizwa juu ya wadudu wanaokula chakula cha Waafrika, na kuulizwa hapa hapa.

Kwa maana bungua wa mabua alileta taabu katika hesabu. Pupa wa Williams hulala kwa sababu homoni imekosekana. Huko Wageningen, Uholanzi, de Wilde alikuwa ameonyesha kwamba mdudu mzima wa viazi hulala kwa sababu homoni ya utoto imekosekana. Lakini mwaka 1973 Chippendale na Yin, wakimchunguza bungua mmoja wa mahindi huko Missouri, Marekani, walikuta kinyume chake: kiwavi aliyelala ana homoni ya utoto katika damu yake, nayo ndiyo imshikayo. Haimruhusu kugeuka pupa. Aweza hata kujivua ngozi usingizini, akabaki kiwavi vile vile, ila amepauka. Msomaji atakumbuka rangi ya yule tuliyempasulia bua. Kulala kwake ni kama mlango uliofungwa kwa ndani, na komeo halitoki ila tezi zile ndogo zinyamaze kwanza. Mholanzi Scheltes, aliyefanya kazi katika ICIPE, alilifuata swali hilo hilo kwa mabungua wa mahindi wa Kenya, akatoa kitabu chake mwaka 1978.

Yalibaki maswali ya nje: ni nini humlaza, na ni nini humwamsha? Kuhusu kulala, wataalamu waliomchunguza bungua wa Afrika waliona kwamba mmea unaozeeka, uliopungukiwa na maji na chakula, ndio umpao habari. Kuhusu kuamka, katika Kenya ya Magharibi Mjapani Takashi Okuda wa ICIPE alifanya majaribio ambayo habari zake zilitolewa mwaka 1988 na 1990. Kila mtu angedhani kwamba kiwavi aliyekauka miezi mingi huamka kwa kunywa. Okuda alionyesha kwamba kunywa si jambo kubwa. Jambo kubwa ni maji kuugusa mwili wake. Mvua za kwanza hulilowesha bua, maji hupenya hata kwenye tundu lake, humgusa ngozi, na ubongo hupokea habari. Ndipo mnyororo wote tuliousimulia huanza kwenda: homoni ya kumzuia huondoka, amri hutoka ubongoni, tezi za kifuani huitika. Naye mkulima, siku zile zile, yuko shambani akipanda mbegu kwa sababu ya mvua ile ile. Mtu na bungua wameisoma alama moja.

Elimu hii imetuonyesha pia kwamba mimea ya kwetu hupigana na wadudu kwa silaha hizo hizo. Katika Kenya uko mmea mdogo wa dawa za kienyeji, jina lake la kitaalamu Ajuga remota, ambao una vitu vifananavyo na homoni ya kujivua. Mwaka 1981 Iwao Kubo na wenzake walieleza jinsi viwavi waliolishwa vitu hivyo walivyoanza kujivua ngozi pasipo kumaliza. Kichwa kipya kiliota chini ya kile cha zamani kisichotoka, mdomo ukazibwa, na kiwavi akafa kwa njaa huku amezungukwa na chakula. Mwarobaini nao, ujulikanao sana kwa tiba tangu Pwani hata Bara, una kitu kilichotengwa mwaka 1968 kwa kuwajaribu nzige wa jangwani, waliokataa kula kilichopakwa. Baadaye ilionekana kwamba mdudu akila kidogo tu, homoni zake za kujivua huvurugika.

Lakini kwa mtu wa Natta mwenye ekari mbili za mtama, twadhani lenye faida kubwa zaidi ni lile la usingizi wenyewe. Bungua aliyelala hawezi kukimbia, hawezi kuhamia bua lingine, wala hawezi kuharakisha kuamka, maana damu yake mwenyewe imemfunga. Miezi ile ya kiangazi yumo mikononi mwa mwenye shamba, naye hutegemea bua lililosimama limpe kivuli na unyevu kidogo. Huko Ethiopia ilijaribiwa kuyakata mabua na kuyalaza chini juani kwa muda wa majuma manne, na karibu mabungua wote waliomo walikufa. Jua ndilo lililowaua.

Wengi watasema, mabua tunayataka kwa ua na kwa kuezekea. Neno hilo ni la haki, na watu wa Nigeria ya Kaskazini walilisema kabla yetu. Kwao ilijaribiwa kuyapitisha mabua ya mtama katika moto mdogo mara tu baada ya mavuno, yakababuka nje pasipo kuteketea. Mabungua 95 kati ya 100 wakafa, na mabua yakawa magumu zaidi kwa kujengea. Yatakayokuwa lishe ya ng'ombe na yakatwe vipande vipande. Visiki navyo vising'olewe nusu na kuachwa wima, kwa sababu bungua alalaye hushuka chini kabisa, penye unyevu wa mwisho. Kazi hiyo na ifanywe mapema, mabua yangali mapya; siku ya mvua ya kwanza maji yatakuwa yamekwisha kumgusa.